Bunduki ndogo ya .22 ya kuingia kwenye begi, shamba na kambi, nichukue ipi? Niko Mbeya

MtuWaUyole

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua silaha na pia wanaoijua milima yetu, maana huku mtaani kila ninayemuuliza anasema lake. Mi niko Mbeya hapa Uyole, tuna shamba la familia Chunya upande wa Lupa, mahindi na ufuta, alafu kila tukipata likizo tunatoka na washkaji kupanda milima na kulala kwenye mahema, Uporoto, Rungwe, Kitulo, kuna kipindi tunashuka kwa mguu mpaka Matema ziwani.

Sasa nimefikia hatua ya kutaka kuomba kibali nimiliki bunduki moja ndogo ya .22, kihalali kabisa, iwe nyepesi na fupi, ya kukunjika au kutenganishwa vipande ili iingie kwenye begi la mgongoni pamoja na hema na sufuria. Kazi yake kwanza ni shamba, kanga wanafukua mbegu balaa, asubuhi unakuta mstari mzima ni vishimo tu na maganda ya mbegu juu ya udongo. Pili ni kulenga shabaha, napenda tu. Tatu tukilala porini tuwe na kitu mkononi, kule Chunya fisi wanalia karibu na kambi usiku, na juu milimani tuliwahi kukuta nyayo za chui pale tunapochota maji.

Nimeangalia video mpaka nimechanganyikiwa. Kuna Ruger 10/22 ile inayotenganishwa, kuna Henry AR-7 ambayo yote inaingia ndani ya kitako chake, kuna Chiappa Little Badger ya kukunja, na kuna jamaa kaniambia achana na hizo zote chukua CZ. Je .22 ya kawaida inatosha au nipande .22 magnum? Na hii mvua na ukungu wa huku si itakula chuma? Karibuni.

KamweneIringa

Kamwene mkuu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa hela, maana bunduki ukishaisajili kwa jina lako kuibadilisha ni safari nyingine nzima ya ofisi kwa ofisi.

Nianze na risasi yenyewe. .22 LR ipo tangu 1887 na imebaki mpaka leo kwasababu ni ndogo, haina teke, na ni ya bei ya chini kuliko karibu risasi zote. Boksi la risasi 50 unalifunika kwa kiganja na halifiki robo kilo, ndo maana watu wa kutembea na begi wanaipenda. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Ukiiweka shabaha sawa kwenye mita 50, ikifika mita 100 imeshuka karibu sentimita 15, kwahiyo kazi yake ya kweli ni mita 50, ukijitahidi sana 70, na kwa kitu cha ukubwa wa sungura au kanga aliyetulia chini. Kanga anayeruka sahau, hiyo ni kazi ya shotgani.

Magnum ilitoka 1959, ina nguvu zaidi na inaenda mbali zaidi, ila kelele kubwa, risasi zake ghali na ngumu kuzipata, na ganda lake ni refu haliingii kwenye chemba ya .22 LR, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, yaani hapo unaongelea bunduki nyingine kabisa. Kwa matumizi uliyoyataja sioni sababu ya kuichukua.

Haya bunduki sasa. AR-7 ilitokana na bunduki ya ArmaLite iliyobuniwa kwa ajili ya marubani wa Marekani ndege ikianguka porini, na hiyo asili yake unaiona, ina kilo 1.6 tu na ukiifungasha ni sentimita 42, mtutu, mitambo na magazini vyote vinaingia ndani ya kitako. Tatizo ni kwamba kitako chenye tundu la kuficha vyote hivyo lazima kiwe kinene, na kikiwa kinene shavu halikai vizuri, jicho linatafuta kilengeo badala ya kilengeo kulifuata jicho. Ni bunduki nzuri ya kubeba kuliko ya kupiga. Mtu anayependa shabaha kama wewe ataichoka mapema.

Ruger 10/22 ni ya 1964, hiyo ya kutenganisha ilikuja 2012. Unavuta kitufe, unazungusha, mtutu unatoka, unabaki na vipande viwili vya nusu mita hivi kila kimoja. Kilo 2 na kidogo. Magazini yake ni ya risasi 10, fupi, inakaa yote ndani haichomozi kwahiyo hainasi kwenye begi. Kwa ubora mi naiweka juu ya AR-7 bila kufikiria mara mbili. Lakini hizo zote mbili, Ruger na AR-7, zinajijaza zenyewe, yaani ukipiga risasi nyingine inaingia yenyewe, na hapo kuna jambo la sheria ambalo naamini kuna wazee humu watakuja kulisema vizuri kuliko mimi.

Little Badger ni ya Mtaliano, inakunjika katikati, risasi moja moja, kilo 1.3. Kitako chake ni waya tu. Kwa uzito hakuna inayoigusa, ila ukivaa koti zito la baridi kile kiwaya kinateleza begani, na triga yake sio ya kusifia.

CZ 457 inatengenezwa Czech pale Uherský Brod, ni ya bolti, yaani kila risasi unaiingiza kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono, magazini ya risasi 5. Hii ndo ukoo wa zile BRNO ambazo wazee wengi wanazijua. Haikunjiki na ina karibu kilo 3. Unaweza kufungua skrubu mbili ukatoa kitako, ila ukifanya hivyo kila safari shabaha inahama na utamaliza risasi kuirekebisha. Ipo yenye mtutu mfupi inaitwa Scout, hiyo ingefaa begi kubwa ikiwa imesimama pembeni. Kwa kulenga, katika hizo nne hii ndo bunduki, nyingine zinafuata mbali.

Mimi ningechukua CZ fupi kama shamba na shabaha ndo vya kwanza. Kama kukunjika ni lazima kabisa basi Little Badger, utaizoea, risasi moja inakufundisha kutulia.

Ndaga_Fijo

AR-7 nimesikia inaelea majini, kwa mtu wa kushuka Matema si ndo yenyewe?

KamweneIringa

@Ndaga_Fijo inaelea kweli ikiwa imefungashwa ndani ya kitako chake, lakini uinunue bunduki kwasababu ya kuelea wakati kwenye mtumbwi unaweza kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki mgumu ukaufunga kamba? Na ziwani ndo sehemu ya mwisho ya kupiga .22. Kichwa cha hii .22 ni cha madini laini, inaenda taratibu ukilinganisha na kaliba nyingine, ikigonga maji au jiwe inaruka na kwenda upande usioutegemea. Kwenye maboksi mengi wanaandika kabisa kwamba inaweza kufika zaidi ya kilomita 2. Matema pale kilomita 2 ni wavuvi, watoto wanaogelea, na kina mama wanafua.

MzeeWaPareto

Vijana salamu. Nimestaafu, kazi yangu ilikuwa wanyamapori, kwahiyo nitasema upande wangu.

Kijana wa Uyole, kabla ya kuchagua bunduki chagua kwanza utakwenda nayo wapi, kwasababu sehemu ulizozitaja karibu zote huruhusiwi kuingia nayo. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ipo chini ya TANAPA, ukikutwa ndani na silaha bila ruhusa ni kosa, haijalishi kibali chako cha kumiliki ni halali kiasi gani na haijalishi ulikuwa unapita tu kwenda Matamba. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, wenyewe ni TFS, wakala wa misitu, na kule kuna kipunji, yule nyani aliyetambuliwa na wanasayansi miaka ya 2000 tu na hapatikani nje ya nchi hii, askari wa msitu akikuta bunduki ndani ya msitu ule hatakuuliza kama unapenda shabaha. Mpanga Kipengere ni pori la akiba la TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ukishuka Mbarali, Usangu iliingizwa kwenye hifadhi ya Ruaha mwaka 2008. Huko kwenu Chunya mkiendelea mbele kuna mapori ya akiba ya Lukwati na Piti. Chukua ramani uchore mipaka hiyo yote uone njia ya mguu inayobaki ni ipi.

Kwahiyo begi la kwenda mlimani liache lisiwe na bunduki. Inabaki shamba.

Shambani nako sikiliza vizuri. Kanga wa porini ni mnyamapori kisheria, kuwa kwenye mahindi yako hakumfanyi kuwa kuku wako. Kumwinda kunahitaji leseni, unaipata kwa kuanzia ofisi ya wanyamapori ya wilaya, wanakwambia msimu, eneo na idadi. Sheria inaruhusu mtu kujihami na kulinda mali yake, lakini ukiua kwa sababu hiyo unatakiwa utoe taarifa, na mnyama yule ni nyara ya serikali, sio kitoweo. Nimeona watu wazuri kabisa, wakulima wenye familia, wanaingia matatani sio kwa kuua bali kwa kubeba nyama nyumbani.

Na hilo la bunduki za kujijaza zenyewe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwindia silaha za namna hiyo, kama inavyokataza kumulika wanyama kwa taa na kuwafukuza kwa gari. Hivyo Ruger na hiyo AR-7, hata ukipata leseni ya kuwinda, huwezi kuwindia. Bolti au risasi moja moja ndio njia. Mimi nasimama na mtu wa Iringa kwenye CZ.

Kibali cha kumiliki kinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015. Unaanza kwa mwenyekiti wako wa mtaa pale Uyole, inapanda kata, inakwenda polisi wilaya, na kuendelea. Watakuuliza unaitaka ya nini. Usiandike "kujilinda na wanyama kambini". Andika ukweli wa shamba, taja lilipo, ambatanisha hati au barua ya kijiji. Na usinunue kitu chochote wala usitume hela kwa mtu yeyote kabla kibali hakijatoka.

MtuWaUyole

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, kusema kweli nilikuwa nahesabu kibali cha kumiliki ni kama leseni ya udereva, ukishakuwa nayo unaenda popote. Hili la mipaka limenifungua macho kabisa, kumbe njia yetu ya Isyonje kwenda juu mpaka kushuka Matema inapita hifadhini kipande kirefu.

Kamwene nimekuelewa kwenye CZ. Sasa swali lililobaki, na hili naliuliza kwa moyo, tukilala porini tufanyeje? Maana wenzangu wawili wana watoto wakubwa wanataka kuja nao safari ijayo, na mimi ndo naonekana kiongozi.

DadaWaVilele

Naomba nijibu hili maana ndo kazi yangu, nawapandisha wageni Rungwe, Ngozi na kilele cha Mbeya, na sijawahi kuhitaji bunduki.

Kwanza niwe mkweli kuhusu .22 na chui. Kaka wa Iringa ametaja kichwa cha gramu 2.6. Wawindaji wa nyati wanatumia bunduki kubwa ya .375 na bado wanaenda na mtu wa pili nyuma. Chui akipigwa na .22 usiku, kwenye ukungu, na mtu anayetetemeka, umepata chui aliyejeruhiwa mita ishirini kutoka kwenye hema lenye watoto. Bila bunduki chui huyo angepita zake, hataki kukuona, nyayo zile mlizoona majini zinaonyesha alikuja kunywa na akaondoka.

Kinachowaleta wanyama kambini ni chakula. Fisi anafuata harufu ya nyama, mifupa, mafuta yaliyomwagika, sufuria ambayo haijaoshwa. Pikieni mbali na mahema, kama hatua hamsini, upande upepo unakoelekea. Mabaki yote kwenye mfuko, mfuko ufungwe vizuri na uondoke nao kesho yake, msichimbie maana watafukua. Hema msiliweke kwenye njia ya wanyama wala karibu na maji, pale mlipokuta nyayo ndo pa kuchota na kuondoka. Usiku watoto wasitoke peke yao kwenda kujisaidia, watu wawili na tochi kubwa, na wakati wa kutoka piga makofi, ongea kwa sauti. Filimbi moja kila mtu shingoni.

Nyoka, viatu vya kufunika kifundo na suruali nene, na kutikisa kiatu asubuhi kabla ya kuvaa. Nyoka akionekana simama, rudi nyuma, mpe njia.

Alafu niseme kitu ambacho watu hawakiogopi na ndicho wanapaswa kukiogopa. Baridi. Kitulo iko mita 2,600 na zaidi, mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta majani yana barafu nyeupe, na mvua ikikukuta na koti la pamba jioni na upepo unapiga, kidole kinashindwa kufunga zipu. Huyo ndo wa kumwangalia, mtoto anayeacha kuongea, anayejikwaa, anayesema hasikii baridi tena wakati alikuwa anatetemeka. Mwondoe nguo zilizolowa, mvalishe kavu, mwingize kwenye blanketi la kulalia na mtu mwingine, mpe kitu cha moto chenye sukari. Zile kilo tatu za CZ ndani ya begi zibadilishe kwa mablanketi mazuri, koti la mvua la ukweli na jiko dogo la gesi.

Rungwe na Kitulo chukueni muongozaji mwenyeji na mlipie ruhusa getini, wanajua ukungu unaingia saa ngapi na njia ipi inapotea.

Ndaga_Fijo

Dada hapo kwenye mtoto anayesema hasikii baridi umenikumbusha kitu, kwetu Tukuyu watu wanaona mvua ni kawaida tu, wanatoka na ndala kwenda msituni. Nimewatumia wadogo zangu hii.

KamweneIringa

Dada kasema vyote. Nimalizie swali la kutu ambalo tulilipita.

Ukanda wa Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, hata Uyole penyewe nyumba ikifungwa wiki mbili masika unakuta viatu vina ukungu, kwahiyo chuma kinahitaji mkono wako. Adui mkubwa ni kuitoa bunduki kwenye baridi na kuiingiza ndani kwenye joto la moto, inatoa jasho, matone madogo madogo mpaka ndani ya mtutu. Ukifika nyumbani usiitie kwenye mfuko wake wala sandukuni ikiwa baridi. Hakikisha haina risasi, toa bolti, ifute na kitambaa kikavu, iache ipate joto la chumba ukiwa unaiona, ifute tena, ndo upake mafuta. Mafuta ni kidogo tu, utandu. Ndani ya chemba pitisha kitambaa kikavu, mafuta yakibaki humo yanapenya kwenye risasi, na .22 baruti yake ya kuwashia iko kwenye ukingo wa ganda, ikilowa mafuta au maji unabonyeza triga unasikia "ka" tu, risasi haitoki. Ikitokea hivyo usifungue bolti haraka, mtutu uelekeze kwenye udongo salama, hesabu mpaka thelathini, ndo ufungue.

Mfuko wa sponji uache kabisa, unashika unyevu. Risasi zikae kwenye kopo la kubana na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Na shabaha shambani weka mbele ya kilima cha udongo au kichuguu kikubwa, usipige kuelekea kwenye mawe, na usipige kitu kilichosimama juu ya mstari wa kilima ambapo nyuma yake unaona mbingu. Lupa kule kuna wachimbaji wadogo kila korongo, huwezi kujua nani yuko ng'ambo.

MtuWaUyole

Aisee nimepata zaidi ya nilichokuja kutafuta. Basi nimeamua hivi, bunduki ni ya shamba, CZ ya bolti mtutu mfupi, nitaanza kwa mwenyekiti wa mtaa wiki ijayo na barua ya kijiji cha Chunya. Kwa kanga msimu huu nitaongea na afisa wanyamapori wilaya, na jirani yangu kule amekuwa akiweka vijana walinzi wa asubuhi baada ya kupanda mpaka mbegu zichipue, nitafanya hivyo nami. Milimani twende mikono mitupu na mablanketi.

Mzee swali moja la mwisho, kutunza nyumbani na kusafirisha toka Uyole mpaka Chunya. Huwa napanda pikipiki, kuna wakati basi.

MzeeWaPareto

Marahaba. Nyumbani ni sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, lenye kufuli, ufunguo unakaa na wewe na sio juu ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba ile anajua. Risasi kwenye sanduku lingine na ufunguo mwingine. Polisi wanaweza kuja kuangalia, kwahiyo liweke kabla hujaombwa.

Njiani kibali uwe nacho mwilini, chenyewe, sio picha kwenye simu. Bunduki haina risasi, bolti umeitoa umeifunga kwenye kitambaa mfuko mwingine, magazini tupu. Pikipiki usiifunge pembeni kwenye bomba wala usiilaze kwenye keria, njiani itagongwa mpaka kilengeo kihame, ivae mgongoni ndani ya mfuko wake umekaza mikanda. Basi ongea na kondakta kabla ya kupanda, usiiweke kwenye buti, kaa nayo. Kwenye kizuizi mkisimamishwa we ndo uwe wa kwanza kumwambia askari kwamba una silaha na hiki ndicho kibali, mikono ikionekana, usisubiri aipapase.

Na ukishalala shambani ikiwa hutumii, usiiache kwenye kibanda na kijana wa kazi hata kama unamwamini kama ndugu. Kibali kina jina lako peke yako. Ukirudi mjini rudi nayo.